Barua ya Wazi: Dawa ya Kisukari na Kipimo Chake Vifike Pamoja Hadi Mialoni

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Waganga wakuu wa halmashauri zote za mkoa. Wakurugenzi wa halmashauri na waheshimiwa madiwani. Na Bohari ya Dawa, Kanda ya Mwanza.

Yah: Stripu, insulini na kliniki za kisukari katika zahanati za mkoa na visiwani

Waheshimiwa viongozi, salaam.

Anayeishi na kisukari anahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: dawa, kipimo cha kumwonyesha dawa inafanya nini, na mhudumu wa kukisoma kipimo hicho na kurekebisha dozi. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havimfikishi mbali. Kwetu vitu hivi huagizwa kwa mafungu tofauti na hufika siku tofauti. Zahanati inakuwa na metformin, kidonge cha kisukari, bila stripu, yaani vijiti vinavyotiwa tone la damu na kusomwa na mashine. Kituo cha afya kinakuwa na insulini bila mabomba ya sindano ya kuichomea. Mgonjwa ana mashine ya kupimia sukari aliyopewa kwa msaada nyumbani, na stripu za aina hiyo hazipatikani tena dukani.

Ombi letu ni kwamba kisukari kipangiwe bajeti na kuagiziwa kama mzigo mmoja. Insulini ya mgonjwa inapoagizwa, ziagizwe papo hapo stripu, mabomba na vitobolea kidole, na tarehe yake ya kliniki iandikwe. Mzigo huo uishie kwenye zahanati iliyo karibu naye, awe Buhongwa au Ukara. Utaratibu wa namna hii upo tayari mkoani. Kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU zinajua nani anatarajiwa lini, humpa aliyetulia dawa za miezi kadhaa, na humfuatilia asipotokea. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limefupisha safari ya watu wa Sengerema. Visiwa havina daraja, na mtu wa Irugwa anayefuata kichupa kimoja mjini hupoteza siku za kazi na nauli ambayo ingenunua chakula cha nyumba nzima.

Kama kuna anayedhani hili ni tatizo la watu wachache, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Tuanze na stripu, kwa sababu fedha zikipungua ndizo zinazokatwa kwanza. Anayejichoma insulini mara mbili kwa siku anapaswa kupima angalau mara mbili, asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya chakula. Hizo ni stripu 60 kwa mwezi. Anayetumia vidonge, na sukari yake imetulia, anaweza kwenda na stripu 10, akipima asubuhi mbili kwa wiki na kubakiza chache za siku anazojisikia vibaya. Kituo chenye watu 20 wa insulini na 80 wa vidonge kinahitaji basi stripu 1,200 na nyingine 800 kila mwezi, yaani makopo 40 ya stripu 50. Hapo hatujahesabu wagonjwa wapya, wajawazito wala dharura. Kituo cha namna hiyo kikiagiza makopo 4, kimeamua, pengine bila kujua, kwamba vipimo tisa katika kila kumi havitafanyika.

Stripu za mashine moja hazisomeki kwenye nyingine. Kwa hiyo mkoa uchague aina moja ya mashine, zikizidi sana mbili, na aina hiyo itumike kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa miaka kadhaa bila kubadilishwa. Isome kwa milimoli, kama kadi za kliniki zinavyoandikwa. Mashine inayosoma kwa miligramu huonyesha 180 pale ambapo nyingine ingeonyesha 10, na asiyejua kugawa kwa 18 anaweza kujiongezea dozi kwa hofu ya tarakimu tu. Misaada ya mashine ipokelewe kwa sharti kwamba stripu zake zitaendelea kupatikana. Bila sharti hilo, ndani ya nusu mwaka mashine inakuwa pambo la kabati.

Kipimo nacho kinaharibika kwa mambo madogo, na haya yafundishwe siku mashine inapokabidhiwa. Kopo la stripu likiachwa wazi, unyevu wa ziwa huziharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Lifungwe mara tu stripu moja inapotolewa, liandikwe tarehe ya kufunguliwa, lisikae dirishani juani wala ndani ya friji. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe vizuri. Aliyemenya embe au kumpimia mteja sukari dukani ana sukari kwenye ngozi, na tone lake litasoma juu kuliko damu yenyewe. Kidole chenye maji huizimua damu na kusoma chini. Kitobolewe pembeni mwa ncha, ambako hakuumi sana, na kisikamuliwe kwa nguvu.

Malengo ambayo wengi wetu tunawaandikia watu wazima, kwa milimoli, ni haya: 4 hadi 7 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Kwa mzee anayeishi peke yake, au mwenye figo dhaifu, tunalegeza, kwa sababu kwake sukari kushuka ghafla ni hatari kuliko kuwa juu kidogo.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini kuhusu kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Kimeanza kuenea, na tunafurahi. Lakini Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu nyingi zaidi nchini, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi na katika muda huo huokota sukari. Ya mwenye selimundu hufa mapema kabla haijaokota ya kutosha. Majibu yanatoka mazuri, asilimia 6 kwa mfano, huku mgonjwa akishinda na sukari ya 14. Malaria kali na kuongezewa damu karibuni huvuruga majibu vilevile, na upungufu wa madini ya chuma huweza kuyapandisha. Kila fomu ya HbA1c katika mkoa huu iwe na mstari unaouliza kuhusu selimundu, upungufu wa damu, na kuongezewa damu ndani ya miezi mitatu. Jibu likiwa ndiyo, daktari asitegemee HbA1c bali vipimo vya kidole vya kabla na baada ya kula. Mstari huo hauna gharama yoyote zaidi ya wino.

Kuhusu insulini, kosa kubwa tunaloliona lipo kwenye hesabu ya kuagiza. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Mtu mzima wa uniti 24 asubuhi na 12 jioni hutumia 36 kwa siku, yaani uniti 3,240 kwa siku 90, kwa hiyo vichupa 4. Hapo wote tunaelewana. Mtoto wa uniti 12 kwa siku hutumia 1,080 kwa siku 90, na anayeagiza kwa hesabu ya uniti ataandika vichupa 2. Lakini kanuni tunayoifundisha ni kwamba kichupa kilichofunguliwa kitumike wiki 4 tu, kisha kitupwe hata kama kimebaki nusu. Mtoto huyo naye anahitaji vichupa 4. Akipewa 2, ataendelea kuchoma dawa iliyopungua nguvu, sukari itapanda, na mama ataulizwa kama anamlisha pipi. Tunaomba Bohari ya Dawa na wafamasia wa halmashauri wahesabu insulini kwa vichupa kwa kila kichwa, kimoja kila siku 28, na kuzidisha kwa wale wa dozi kubwa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, joto lile lile la chanjo nyingi. Friji za chanjo zipo hadi kwenye zahanati za visiwani. Mganga Mkuu wa Mkoa, pamoja na waratibu wa chanjo, atoe maelekezo ya maandishi yanayoruhusu insulini kuwekwa humo pale nafasi inapotosha, kwenye kisanduku chake kilichoandikwa, mbali na ukuta unaogandisha. Bila barua hiyo mhudumu ataogopa ukaguzi na ataikataa.

Nyumbani kusiko na friji, chungu kinafaa: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati yake, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya mfuko mkavu usiopitisha maji. Mchanga ulowanishwe asubuhi na jioni. Wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi, kwa hiyo chungu hakipozi sana. Kivuli ndicho kinachobaki kuwa kinga. Chini ya bati tupu saa nane mchana si mahali pa insulini. Tena, wasafiri wengi wa majini huiweka juu ya barafu ya samaki wakidhani wanaitunza. Insulini isigusane na barafu. Ikishaganda imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishii nguvu.

Mabomba yawe ya insulini, yaliyoandikwa uniti 100. Kituo kikikosa hayo kikatoa bomba la mililita 2, alama ya mililita 0.1 ni uniti 10 nzima. Anayekosea alama moja amejiongezea au kujipunguzia uniti 10, na kwa mtoto hilo linatosha kumpoteza fahamu. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, iviringishwe kati ya viganja mara 10 hadi 20 mpaka weupe wake ulingane. Isitikiswe kwa nguvu. Ikibaki na mabonge au ikishika ukutani mwa kichupa, isitumike. Mahali pa kuchoma pabadilishwe, kila sindano iwe walau upana wa kidole kutoka ile ya jana. Anayechoma sehemu moja kila siku huota uvimbe laini ambao hauumi, na kwa kuwa hauumi huupenda, kumbe dawa inayoingia humo hufyonzwa leo nyingi, kesho kidogo. Mhudumu apapase tumbo na mapaja ya mgonjwa kila kliniki kabla ya kumwongezea dozi.

Vidonge. Metformin ianze miligramu 500 pamoja na chakula, iongezwe taratibu kila wiki moja au mbili, la sivyo tumbo litaharibika na mgonjwa ataiacha kimyakimya. Glibenclamide tunaomba ipunguzwe kwenye maagizo ya mkoa na nafasi yake ishikwe na gliclazide, hasa kwa waliozidi miaka 60 na wenye figo dhaifu. Glibenclamide huweza kushusha sukari kwa saa nyingi mfululizo. Mzee anapewa soda, anazinduka, anarudishwa nyumbani, kisha inamshusha tena usiku. Mzee aliyeshushwa na dawa hiyo alazwe na kuangaliwa kwa saa 24 au zaidi.

Mwambao wetu una mambo mawili yasiyoruhusu kliniki ya kisukari kujitenga. Dolutegravir, iliyomo kwenye dawa za VVU wanazotumia wengi sasa, hupandisha kiwango cha metformin mwilini. Anayetumia zote mbili kwa kawaida asizidishe miligramu 1,000 za metformin kwa siku, na maelezo hayo yawe kwenye kadi zote mbili. Na kifua kikuu: utafiti uliofanyika hapa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kisukari huongeza hatari ya kupata TB. Kila anayeanza dawa za TB apimwe sukari, na kila mwenye kisukari anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi. Rifampicin, mojawapo ya dawa za TB, nayo hupunguza nguvu ya vidonge vya kundi la gliclazide, kwa hiyo sukari iliyokuwa imetulia inaweza kupanda bila mgonjwa kubadili chochote.

Sasa mazoezi, ambayo kwenye kadi huandikwa neno moja: "fanya". Kiwango kinachokubalika ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba, bila kupisha siku zaidi ya mbili mfululizo, kwa sababu msuli uliofanya kazi huendelea kuivuta sukari kwa siku moja hadi mbili tu. Anayepanda mawe ya Mabatini au Bugarika kila siku anafanya zoezi halali, na aambiwe hivyo badala ya kutumwa akatafute ukumbi. Kutembea dakika 15 baada ya mlo kunashusha ule mpando wa sukari wa baada ya kula. Kwenu waheshimiwa madiwani, hii ndiyo sehemu yenu: njia za waenda kwa miguu zisizozibwa na magari na bidhaa, taa za barabarani, na viwanja vya wazi visivyogawiwa. Mama wa miaka 55 hawezi kutembea alfajiri pembezoni mwa barabara isiyo na njia wala taa.

Lakini kwenye mialo ya wavuvi tatizo limegeuka: watu wanafanya kazi nzito kupita dozi yao. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni, huvuta nyavu usiku wa giza, hurudi alfajiri. Kadi yake inasema "asubuhi na jioni". Insulini ya mchanganyiko aliyoichoma saa kumi na mbili jioni hufanya kazi kwa nguvu zaidi baada ya saa 2 hadi 8, yaani katikati ya kuvuta. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa juu ya maji huweza kumzamisha, na wenzake watadhani kalewa. Mvuvi aandikiwe dozi mbili tofauti, ya usiku wa kuvua na ya usiku wa mbalamwezi anapolala nyumbani, na daktari azipange kutokana na vipimo vyake. Kabla ya kupanda mtumbwi apime. Ikiwa chini ya 5.6 ale kwanza. Abebe sukari kwenye kopo la kifuniko cha kufunga, si mfukoni, na mwenzake mmoja ajue hali yake. Sukari ikishuka chini ya 4, apewe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe kama haijapanda, kisha ale chakula. Asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu mdomoni. Viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, wafundishwe haya mwaloni penyewe. Darasa la saa moja linatosha.

Chakula tusikirefushe. Sahani inayofaa ipo majikoni mwetu: nusu mboga za majani, robo sato au dagaa, robo ugali wa dona au mtama. Mabango yanayoonyesha mkate wa ngano nzima na tofaa yaondolewe. Wekeni yanayosema kuwa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni wanga kama ugali, na huliwa badala yake, si juu yake.

Miguu ikaguliwe kila kliniki, viatu na soksi vikiwa vimevuliwa. Uzi wa nailoni wa gramu 10 wa kupimia ganzi ni kifaa cha bei ndogo kuliko vingi vilivyomo kliniki, na kila zahanati iwe nao. Mwenye ganzi asitembee peku mwaloni: mwiba wa samaki asiousikia leo ni kidonda cha wiki ijayo.

La mwisho ni watoto. Mtoto anayekonda, anayekojoa kitandani tena baada ya kuacha, anayetapika na kuhema kwa kina, mara nyingi hutibiwa malaria au nimonia kwanza. Sukari yake haikupimwa. Anaweza kutundikiwa dripu ya sukari huku damu yake ikiwa na 30, ilhali anachohitaji ni maji ya chumvi, insulini na rufaa ya haraka. Iwe amri ya mkoa kwamba kila mtoto mgonjwa sana, na kila mtu aliyepoteza fahamu, atobolewe kidole apimwe sukari kabla ya dripu. Pasipo kipimo kabisa, aliyepoteza fahamu apewe sukari ya mshipa, kwa maana sukari iliyoshuka huua upesi zaidi. Lakini pasipo kipimo ndipo hasa tunapokataa kuendelea kuwapo. Vijana wanaopata insulini kupitia programu za msaada nao waandaliwe mapema, kwa sababu misaada hiyo ina ukomo wa umri. Mwaka mmoja kabla ya ukomo, jina la kijana liwe tayari kwenye hesabu za halmashauri yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua nafasi. Tunawaomba mpeleke juu hoja ya mkoa huu kwamba stripu na mabomba ya insulini vitambuliwe ndani ya kitita cha mafao ya bima hiyo kama sehemu ya dawa yenyewe.

Tunaomba majibu ya maandishi, kila halmashauri kwa nafasi yake, yakitaja idadi ya wagonjwa wa insulini iliyoandikisha, makopo ya stripu iliyoagiza, na zahanati zitakazoanza kutoa mzigo kamili. Yabandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati na ofisi za kata, na mialoni pia, kabla ya Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba.

Wenu,
Wahudumu wa kliniki za kisukari na wanaoishi na kisukari, Mkoa wa Mwanza